Mshenga wa Gizani: Gemu Moja la Shule na Sheria Zetu za Ndoa

Nitaanza na gemu, kwa sababu najua wapo watumishi wa umma wanaosoma safu hii ambao hukunja uso wakilisikia neno hilo, na ni afadhali wakunje uso mapema tukaendelea. Gemu lenyewe linaitwa Yandere Simulator. Lilianza kutengenezwa mwaka 2014 na Mmarekani mmoja anayejulikana mtandaoni kwa jina la YandereDev. Hupakuliwa bure likiwa bado katika hali ya majaribio, na vijana wasio na kompyuta ya kulimudu huwatazama wenzao wakilicheza kwenye YouTube, bando likiruhusu. Baadhi ya wanafunzi wangu hapa Dodoma wanaijua ramani ya shule ile ya kubuni kuliko wanavyoijua Katiba ya nchi yao. Siwalaumu sana. Katiba haijapata mtu wa kuitengenezea video.

Neno yandere ni la Kijapani cha vijana, na maana yake ni mtu ambaye mapenzi yamemgeukia wazimu: usoni mpole, moyoni hatari. Mchezaji huvaa nafsi ya mwanafunzi aitwaye Ayano Aishi, wa shule ya sekondari ya Akademi, anayempenda kijana mmoja ambaye gemu linamwita Senpai tu. Hathubutu kumwambia. Kila wiki hutakiwa kujitokeza msichana mwingine anayempenda kijana huyohuyo, na Ijumaa jioni, chini ya mti wa mcheri, msichana huyo atafungua moyo wake. Kazi ya mchezaji ni kumwondoa kabla ya Ijumaa. Wa kwanza, Osana Najimi, aliingizwa rasmi katika gemu mwezi Agosti 2020 baada ya mashabiki kumsubiri miaka. Naomba msomaji alishike hilo neno, kumwondoa, kwa maana ndilo neno la gemu lenyewe na ndilo nitakalolifuata mpaka mwisho.

Njia za kumwondoa ni nyingi, na nyingine ni za kutisha: kisu, sumu, kusukumwa kutoka paa la jengo, kusingiziwa kosa la mwingine. Mwezi Januari 2016 jukwaa la Twitch, ambalo watu hulitumia kurusha michezo moja kwa moja, liliweka gemu hili katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kurushwa. Tangu hapo sifa yake imekuwa moja: gemu la mauaji shuleni. Mzazi akilisikia, husikia damu. Na katika kila semina ya maadili niliyowahi kukalishwa kwenye kiti cha plastiki, hoja ya michezo ya kompyuta ikitajwa, hutajwa hivyohivyo: inatoka nje, inafundisha watoto wetu kuua, ipigwe marufuku.

Mimi naona aliyefika hapo hajautazama mchezo. Ameangalia damu tu.

Kwa maana Yandere Simulator lina njia nyingine, ambayo mashabiki wake huitaja kwa fahari kila wanaposhutumiwa. Si lazima umuue mpinzani, husema. Unaweza kumtafutia mchumba. Utaratibu wake ni huu. Yupo shuleni kijana anayempenda yule msichana kimyakimya. Mchezaji humfuata msichana na kuchunguza anapenda nini na anachukia nini: mazungumzo gani humfurahisha, kijana wa sura gani humvutia. Kisha humrudia yule kijana na kumtengeneza upya, nywele, miwani, mapambo, hata tabia, mpaka afanane na matakwa ya msichana. Huwakutanisha. Humpa kijana zawadi za kupeleka na humwelekeza maneno ya kusema. Vikienda sawa, wawili hao hupendana, msichana humsahau Senpai, na njia imefunguka. Hakuna damu wala polisi. Msichana anatabasamu, kijana anatabasamu, na mwanafunzi Ayano anarudi nyumbani na sare safi.

Hii ndiyo njia ya upole. Na hii, nasema, ndiyo sehemu ya gemu hili ambayo mtu wa nyanda za kati anapaswa kuitazama kwa makini kuliko visu vyote. Tazama ni nani aliyefanya ushenga hapo. Ni mtu ambaye hana haja na furaha ya yeyote kati ya hao wawili. Anachotaka ni nafasi itakayobaki wazi msichana akishaondoka. Uchumba ni chombo cha kumwondolea mtu njiani, na uzuri wa chombo hicho, kwa anayekitumia, ni kwamba hakuna atakayelalamika, kwa sababu kila anayetazama anaona harusi.

Kwetu binti huondolewa hivyo shuleni kila mwaka, na hapajatokea semina ya maadili juu yake.

Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoa wa Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyoongoza kwa ndoa za utotoni: asilimia 51 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 37. Miaka mitano baadaye wastani wa taifa ulishuka ukafika asilimia 31, na hilo ni jema. Lakini nusu ya wasichana wa mkoa si ajali. Nusu ni utaratibu. Na utaratibu una mafundi wake, una kanuni zake, una namna yake ya kukwepa macho, sawasawa na gemu.

Sasa nitazame macho yenyewe, kwa maana hapa ndipo wabunifu wa Akademi walipoelewa jambo ambalo waandishi wa sheria zetu hawakulielewa, au walilielewa wakanyamaza. Ufundi wote wa gemu hili ni wa kujificha. Walimu wa Akademi si vipofu. Wana akili ndogo lakini ya uhakika. Mwalimu akikuona umeshika silaha, akikuona na damu kwenye sare, akikuta mwili, umo mashakani. Wanafunzi nao wamepewa hulka mbalimbali: yupo jasiri atakayekurukia, yupo mwoga atakayekimbia, yupo kipenzi cha walimu atakayekwenda kusema. Polisi wakija, hutafuta vitu vinavyoonekana: mwili, damu, silaha. Wasipovikuta, huenda zao. Basi mchezaji hujifunza upesi somo moja kuu, kwamba mfumo hauulizi umefanya nini. Unauliza umeonekana na nini mkononi. Na kwa kuwa ushenga hauna kitu cha kushika mkononi, ushenga hauonekani.

Soma sheria zetu kwa jicho hilo.

Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu, likaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na likapiga marufuku kumwoa mwanafunzi au kumwozesha. Tulipiga makofi, nami nikiwemo, na makofi yale yalistahili. Lakini tazama neno lililotumika. Sheria hiyo inamlinda mwanafunzi. Haimtaji mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, ila Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na mahakama inaweza kumruhusu hata wa miaka 14. Kifungu cha 17 kinataka tu ridhaa ya mzazi au mlezi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Mvulana yeye, mahakama isipomruhusu mapema, lazima afike 18. Kwa hiyo binti wa miaka 15 aliyemo darasani analindwa kwa miaka 30 ya jela ya mtu mwingine. Akishatoka darasani, hata kwa siku moja, analindwa na ridhaa ya baba yake. Yaani analindwa na mtu yuleyule anayepokea ng'ombe.

Unadhani fundi wa gemu afanyeje akiikuta kanuni ya namna hiyo? Atatafuta namna ya kumtoa binti kwenye daftari bila kuonekana ameshika kisu. Na ndivyo ilivyokuwa. Jambo hili limeripotiwa mara nyingi katika magazeti yetu, na mwalimu yeyote aliyefundisha vijijini atakwambia bila kuulizwa mara mbili: mabinti huagizwa nyumbani wafeli mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Binti anayejua kugawanya sehemu anaandika herufi ovyoovyo, kwa sababu ameambiwa kwamba akifaulu atawatia wazazi aibu, au mashakani, au gharama. Matokeo yakitoka jina lake halimo. Si mwanafunzi tena. Hakuna aliyevunja Sheria ya Elimu, kwa maana hakuna mwanafunzi aliyeguswa. Mshenga anaweza kuja mchana kweupe.

Mimi nimetazama watu wakicheza gemu lile kwa saa kadhaa, kwa ajili ya makala hii, na sikuona ndani yake hila yenye ubaridi kama hiyo. Akademi hakuna njia ya kumfanya mpinzani ajiondoe mwenyewe kwa kalamu yake mwenyewe, huku msimamizi wa mtihani akipita kati ya madawati na kuona kila kitu kiko kimya na salama.

Tuendelee, kwa maana sheria ina tundu lingine ambalo nalitaja kwa uzito. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998, inasema kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia. Vema. Kisha sheria hiyohiyo inatoa msamaha: isipokuwa kama ni mke wa mtu huyo na ana miaka 15 au zaidi. Binti ni yuleyule na mwanamume ni yuleyule. Alhamisi ni jinai, Jumamosi ni unyumba, na kilichopita katikati ni mshenga na sahani ya pilau. Wanasheria wenzangu wa chuo wataniambia kwamba hiyo ndiyo mantiki ya sheria zilizotungwa kwa nyakati tofauti. Nakubali. Mashimo mengi kwenye uzio hutokea hivyo, na fisi haulizi yalitokeaje.

Tukifika kwenye kujificha kwenyewe, kanda ya kati ina mfano ambao sijauona mahali pengine ukielezwa kwa ukamilifu unaoustahili. Sheria ya 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa. Zamani, katika jamii nyingi za hapa, jambo hilo lilikuwa na ngoma, na msimu, na umri wake unaojulikana, kwa hiyo ngoma ilipokatazwa, mtendaji wa kijiji alijua asikilize lini. Kilichofuata hakikuwa mwisho wa ukeketaji. Ulihama umri. Watoto wachanga wakaanza kufanyiwa kimya, ndani ya nyumba, wengine kwa kisingizio cha kutibu maradhi yaitwayo lawalawa, jina ambalo watu wa Dodoma na Singida hawahitaji kufafanuliwa. Maambukizi ya kawaida ambayo zahanati ingeyatibu kwa dawa yaligeuzwa hoja ya wembe. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wamekeketwa, wa pili nchini baada ya Manyara. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kukimbilia kwenye dawati la jinsia la polisi, wala hawezi kumwambia mwalimu. Mfumo ulikuwa umepangwa kusikiliza ngoma, na ngoma ilinyamazishwa.

Nautaja mfano huu kwa sababu wapo wanaharakati, marafiki zangu baadhi yao, ambao dawa yao kwa kila jambo ni adhabu ndefu zaidi. Miaka 30 haitoshi, wanasema, iwe maisha. Ndugu zangu, adhabu haimfikii asiyeonekana. Ukiongeza ukali wa mlinzi bila kuongeza anachoweza kukiona, unachofanya ni kumfundisha mhalifu kunyata vizuri zaidi. Hilo mchezaji wa gemu wa miaka kumi na minne analijua.

Narudi kwenye ushenga, kwa sababu najua msomaji mmoja, pengine mzee wangu wa Mvumi au Mpwapwa, ameshaanza kuniona kijana wa mjini anayetukana mila. Sitaki kuiachia hoja hiyo ipite, maana nadhani mila ndiyo inayonisaidia mimi hapa.

Mshenga wa kweli ni kinyume cha mshenga wa gizani. Huingia kwa mlango wa mbele, tena hupiga hodi. Hutamka jina la aliyemtuma. Husema ametumwa nini, na hupokea jibu, hata kama jibu ni la kumrudisha na aibu. Ndoa ikiyumba miaka kumi baadaye, yeye ndiye anayeitwa kukaa kitako na kusuluhisha, kwa kuwa alisimama kama shahidi na mdhamini. Kwa maneno mengine, kazi yake yote ni ya kuonekana. Huyo aliyemo kwenye gemu, anayemtengeneza kijana nywele na kumpa maneno ya kusema huku akificha haja yake, hana nafasi katika mila yoyote ya ushenga ninayoifahamu. Mila zetu zina jina lake, na si jina la heshima. Swali la kuuliza kuhusu kila posa inayofika kwa binti wa miaka 15 basi ni hili: haja ya kweli ya mshenga ni ipi, na inasemwa mbele ya nani? Mara nyingi haja ni ng'ombe, kwa sababu mvua haikunyesha na mtama haukuzaa, na mahari ndiyo akiba pekee iliyobaki nyumbani. Ama ni hofu ya baba kwamba binti anayepanga geto karibu na shule ya kata, kwa kuwa shule haina bweni na nyumbani ni mbali, atarudi na mimba, na bora aolewe kabla ya kuharibikiwa. Sizidharau haja hizo. Njaa ya Dodoma naijua, nimekulia katika miaka yake. Lakini haja ikiwa ni njaa, isemwe njaa, na ipelekwe kwa wanaohusika na njaa. Kuipeleka kwa jina la uchumba kwenye chumba cha mtoto ni hila.

Gemu lile lina sehemu nyingine, iliyotoka Oktoba 2021, inayorudi nyuma mpaka miaka ya 1980. Humo mchezaji anakuwa Ryoba, mama yake Ayano, naye ana wapinzani kumi, mmoja kila wiki, na njia ni zilezile. Kumbe binti ameirithi kazi ya mama. Wasomi wa gemu watabishana kama huo ni ubunifu au uvivu. Mimi nilipoiona nilikumbuka kitu ambacho wanawake wa vijijini kwetu hukisema wenyewe bila haya: kwamba anayepanga ndoa ya binti mara nyingi ni shangazi, ni mama, ni bibi, watu ambao waliondolewa shuleni kwa njia ileile, na ambao hawaoni kuwa wanamfanyia mtoto ubaya wowote. Wanamfanyia kile walichofanyiwa wakaishi. Huwezi kuwafunga wote hao miaka 30. Utawafungia wapi?

Sasa kwa upande wa dola. Tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa hiyo. Hukumu hiyo haina mahali pa juu zaidi pa kwenda. Na bado miaka ilipita juu yake bila sheria kurekebishwa, kwa maelezo kwamba suala ni nyeti na maoni ya wananchi yanahitajika. Nyumba yenye mamlaka ya kurekebisha iko mjini kwetu, mwendo wa bodaboda kutoka ninapoandika. Wabunge wanaokaa humo hulala katika hoteli zinazohudumiwa, nathubutu kusema, na wasichana waliotoka Bahi na Chemba kuja kutafuta kazi baada ya ndoa za utotoni kuvunjika.

Nami nilipitia Kanuni za Elimu za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi. Humo, miongoni mwa sababu za mwanafunzi kufukuzwa shule, imetajwa hii: kwamba ameingia katika ndoa. Soma tena. Binti akiozeshwa na watu wazima, anayefukuzwa ni yeye. Mwezi Juni 2017, pale Chalinze, Rais wa wakati huo alitamka hadharani kwamba katika awamu yake mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shule. Novemba 2021 Wizara ya Elimu, baada ya uongozi kubadilika, ilitangaza kwamba wanaweza kurudi, na waraka ukatolewa. Nauheshimu waraka huo. Umewarudisha mabinti wengi madarasani. Lakini ulikuja kwa kalamu, na kalamu huweza kuandika waraka mwingine.

Na hapa niseme jambo ambalo litawaudhi walionialika kwenye semina za maadili. Katika Yandere Simulator, mpinzani akishatafutiwa mchumba, anabaki shuleni. Kesho yake asubuhi utamkuta kwenye kabati la viatu, na daftari zake, anaingia darasani. Gemu lile la giza, lililotengenezwa na mtu asiyedai kumlea mtoto wa yeyote, halikufikia hatua ya kufikiri kwamba msichana aliyechumbiwa afukuzwe shule. Wazo hilo lilitoka katika kanuni zetu, likachapwa katika gazeti la serikali, likagongwa muhuri.

Kuhusu kulipiga marufuku gemu, basi. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, ilipotungwa hakuna aliyewaza mchezo unaochezwa na mtu mmoja chumbani; sina ubishi kwamba alama ya umri inafaa kuwekwa, na mzazi amjue mwanawe anacheza nini usiku. Mtoto wa darasa la tano hana shughuli Akademi. Lakini asije ofisa akalipiga marufuku gemu hilo kisha akarudi ofisini akiona amewalinda mabinti wa Dodoma. Atakuwa amefunga dirisha la picha na kuacha mlango.

Mlango uko wapi, nitausema kwa watumishi wa umma kwa lugha ya ofisi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Kati ya miezi hiyo binti hana jina katika daftari lolote la mahudhurio. Mwalimu mkuu amemaliza naye, mkuu wa sekondari hajampokea, afisa ustawi wa jamii hana orodha yake, na mtendaji wa kijiji atamsikia siku ya ngoma, kama ngoma itapigwa. Kwa aliyefeli, pengo hilo halifungwi Januari. Linaendelea moja kwa moja. Sera ya Elimu katika toleo lake la 2023 inataka elimu ya lazima iwe miaka kumi, na itakapotekelezwa kikamilifu mtihani huo hautakuwa tena mlango wa kutokea. Sina neno baya juu ya hilo. Nina neno juu ya mabinti watakaofanya mtihani kabla ya hapo.

Kurekebisha vifungu vya 13 na 17, pamoja na ule msamaha wa Kanuni ya Adhabu, ni kazi ya Bunge, na wanaharakati waendelee kulikumbusha kila kikao. Kuliingiza neno mtoto mahali pa mwanafunzi kwenye adhabu ile ya mwaka 2016 ni kazi ya Bunge pia, nayo haihitaji kukusanya maoni, kwa kuwa Sheria ya Mtoto imeshatoa tafsiri. Lakini kumwona binti kati ya Septemba na Januari hakuhitaji Bunge. Kunahitaji afisa elimu kata mmoja, daftari la kurasa mia, na pikipiki yenye mafuta. Orodha ya watahiniwa wa darasa la saba ipo shuleni, ina majina yote, ya waliofaulu na ya walioambiwa wafeli. Ichukuliwe kata moja ya Chamwino au ya Bahi. Majina ya mabinti yanakiliwe siku mtihani unapokwisha, nyumba zao zipitiwe Oktoba na tena Desemba, na Januari majina yaleyale yasomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, moja baada ya jingine, na mbele ya kila jina mzazi aseme mtoto yuko wapi.